Kukodi Coaster ya kwenda harusini Lushoto

Dada, kwa kuwa umeuliza kama mkodi Coaster yenye dereva wa Dar es Salaam au mtafute dereva mwenyeji wa Lushoto, nakushauri kwa dhati mchukue mwenyeji, kwani barabara ya kupanda kutoka Mombo ni nyembamba, ina kona kali zinazofuatana, na aliyeizoea hushuka kwa gia nzito badala ya kukanyaga breki mfululizo hadi zipate moto. Kabla ya kutoa advansi, hakikisheni gari lina bima hai na leseni ya kukodishwa kutoka LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kisha andikianeni nani atalipia mafuta, chakula na malazi ya dereva, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Sherehe ikichelewa kwisha, tafadhali laleni hukohuko, mshuke asubuhi dereva akiwa amepumzika.