Oili ya haibridi: kilomita ngapi, na kwa nini miezi ina uzito kuliko kilomita

Swali lililoletwa ni hili: ikiwa injini ya haibridi, yaani gari linaloendeshwa kwa petroli na umeme pamoja, huzimika kila gari linaposimama kwenye foleni, na mwendo mwingi wa polepole hubebwa na mota ya umeme, je, oili haiwezi kukaa mara mbili ya muda wa gari la kawaida? Hesabu hiyo inavutia, lakini jibu ni hapana. Sababu yake ni joto.

Oili haichoshwi na kilomita peke yake. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni ikashuka mpaka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Hushuka pamoja na petroli kidogo ambayo haikuungua, hasa injini ikiwa bado ya baridi. Oili ikifika nyuzi joto 90 au 100 na kukaa hapo kwa muda, maji hayo hugeuka mvuke tena, yakavutwa na kurudishwa kwenye silinda. Haibridi ya mjini haiipi oili nafasi hiyo. Maji ya rediata hupata moto mapema, kompyuta ikaruhusu injini izimike, ilhali oili iliyo chini bado ni vuguvugu. Mtu anayekwenda kilomita 4 asubuhi na 4 jioni anaweza kumaliza wiki nzima bila oili yake kupata moto sawasawa hata siku moja. Unyevu unabaki, petroli inabaki, tindikali inajengeka, na kemikali za kusafisha zilizotiwa kwenye oili zinakwisha huku kilomita zikiwa chache mno.

Kuna hofu nyingine ambayo haina uzito kama inavyosemwa: kwamba injini inayowaka na kuzima mara nyingi lazima isagike. Katika mfumo wa haibridi wa Toyota, injini haiwashwi na stata ndogo ya kawaida. Mota-jenereta, ile inayoitwa MG1, huizungusha kwanza hadi karibu mizunguko 1,000 kwa dakika ndipo moto uingie, kwa hiyo presha ya oili huwa imeshaanza kupanda. Tena injini iliyozimika dakika mbili tu bado ina utando wa oili kwenye beringi. Kinachoumiza ni kuwaka ikiwa baridi kabisa, kisha gari likazimwa kabla oili haijapata moto.

Sasa namba. Kwa Prius ya kizazi cha tatu, ratiba ya Toyota kwa soko la Marekani ni maili 10,000, yaani kilomita 16,000, au miezi 12, kwa oili ya sintetiki ya 0W-20 (namba hii huonyesha mnato, yaani wepesi au uzito wa oili). Matumizi yakiwa magumu inashuka hadi maili 5,000, yaani kilomita 8,000, au miezi 6. Lisome vizuri neno "au": linalotangulia ndilo linaloamua. Wengi hushika kilomita wakasahau miezi, na kwenye haibridi miezi ndiyo hutangulia mara nyingi.

Ushauri wangu ni huu. Gari linalopiga safari ndefu za barabara kuu, nusu saa na zaidi kila linapowashwa, lifuate ratiba ya kitabu chake bila wasiwasi. Gari la safari fupi, la vumbi, la kubeba mizigo mizito au la kukaa foleni na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, usivuke kilomita 8,000 wala miezi 6. Gari la safari ndefu ambalo hata kilomita 5,000 halifikishi kwa mwaka, badilisha kila mwaka hata kama oili inaonekana safi. Rangi haisemi kitu hapa: oili nyeusi inaweza kuwa bado nzima, na iliyong'aa inaweza kuwa imejaa petroli.

Usibadilishe mnato kwa kudhani oili nzito inalinda zaidi. Injini hizi zimetengenezwa kwa oili nyepesi, 0W-20, na baadhi ya mpya 0W-16, ambayo hufika kwenye sehemu za juu haraka injini inapoamshwa. Shika namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye mfuniko wa oili.

Kwenye kazi yenyewe, jambo la kwanza ni usalama. Gari likiwa limeonyesha neno READY kwenye dashibodi, yaani liko tayari kwenda, liko hai hata kama kimya kimetanda. Injini inaweza kuwaka yenyewe wakati mkono uko chini. Zima kabisa, peleka ufunguo mbali na gari, weka stendi chini ya gari wala usitegemee jeki pekee. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Endesha dakika 15 hivi kabla ya kuanza ili oili iwe ya moto kiasi na itiririke vizuri.

Hapa ndipo kosa baya kuliko yote hutokea. Chini ya gari kuna bolti ya kumwagia oili ya injini, na jirani yake kuna bolti za giaboksi. Fundi asiyezoea hufungua ya giaboksi, anamwaga oili yake, kisha anajaza oili mpya juu ya ile ya zamani iliyomo kwenye injini. Matokeo yake giaboksi ni kavu, na injini ina oili karibu mara mbili. Oili ya injini iliyotumika hutoka kahawia au nyeusi. Ikitoka nyekundu au ya waridi, simama hapo hapo na urudishe bolti. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu bolti sahihi ina kichwa cha milimita 14, na hukazwa kwa nyutonimita 37. Weka washa mpya kila mara. Ile ya zamani imeshabonyea na ndiyo huanza kudondosha.

Kiasi: injini ya 1.8 ya Prius hiyo, 2ZR-FXE, huchukua lita 4.2 ukibadilisha na filta, 3.9 bila filta. Ile ya 1.5 ya kizazi cha pili, 1NZ-FXE, huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Usimimine chupa zote kwa mkupuo. Acha robo lita, pima, kisha ongeza kidogo kidogo.

Kupima nako kuna mtego. Baada ya kujaza, ukiweka READY na injini bado ina moto, inaweza kukaa kimya bila kuwaka. Filta inakuwa tupu, stiki ya kupimia inaonyesha oili imezidi, na mtu anaipunguza bure. Kwenye Toyota, kukanyaga pedeli ya mafuta gia ikiwa kwenye P (ya kuegesha) huiwasha injini. Iache izunguke dakika moja au mbili, angalia chini kama kuna tone, zima, ngoja dakika tano, ndipo upime mahali palipo sawa. Oili ikizidi alama ya juu, kreki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, huipiga ikawa povu, na povu halijengi presha.

Pima kila mwezi. Kiwango kikishuka haraka, huenda ringi zinapitisha oili, na kufupisha muda wa kubadilisha hakutatibu hilo. Kikipanda bila wewe kuongeza, kuna petroli ndani. Nusa stiki, harufu itakwambia, kisha badilisha bila kungoja tarehe. Ukikuta ute kama chai ya maziwa chini ya mfuniko, usikimbilie kufungua injini. Angalia maji ya rediata kwanza. Yakiwa palepale, huo ni unyevu wa safari fupi, na safari ndefu ya saa moja huusafisha. Yakiwa yanapungua, na injini inatetemeka inapowaka asubuhi, shuku gasketi ya silinda hedi.

Kwa haibridi za kuchomeka chaji, injini inaweza kukaa wiki nyingi bila kuwaka kabisa. Chevrolet Volt huiwasha yenyewe kila baada ya wiki sita hivi ili kuilainisha, na mtengenezaji anataka oili ibadilishwe angalau kila baada ya miaka miwili. Kwenye aina nyingine fuata miezi ya kitabu chake, na mara mojamoja liendeshe kwa petroli mwendo mrefu wa kutosha kuipasha oili moto.