Tela limelala miezi, breki zimeganda

Swali: Fundi, tela langu hukaa miezi mitano hivi bila kazi. Kila nikilirudia nakuta gurudumu moja halizunguki kabisa, linaburutwa tu. Nakosea wapi?

Jibu: Bila shaka unaliegesha hendibreki ikiwa imevutwa. Ndani ya dramu, yaani chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu, shuu za breki (vile vipande vinavyobana dramu ili isimame) zinabaki zimebana chuma kitupu, kisicho na rangi wala mafuta. Unyevu ukiingia, kutu huota pale zinapogusana, na siku zikisonga shuu hushikana na dramu kama zimegundishwa.

Egesha pakavu na tambarare. Tia kabari magurudumuni, mbele na nyuma, kisha ndipo uachie hendibreki. Wengine huachia kwanza wakaishia kulikimbiza tela. Usililaze likiwa limelowa pia. Likishaoshwa, livute kidogo na ukanyage breki mara kadhaa, dramu zipate joto zikauke.

Kila mwezi piga jeki, zungusha gurudumu kwa mkono. Mkwaruzo mwembamba unaopotea baada ya mizunguko michache ni kutu ya juujuu. Usipopotea, fungua dramu uangalie.

Swali: Nikipuliza mafuta ya kulegeza kutu ndani ya dramu kabla ya kuliegesha?

Jibu: Usithubutu! Shuu ikishanyonya mafuta haishiki tena, ni ya kubadilisha. Mafuta yapeleke kwenye waya wa hendibreki, maana nao huganda: unaachia huku mbele, kule nyuma waya haurudi. Ingia chini uone kama kimkono kilicho nyuma ya gurudumu kimerudi kweli.

Swali: Semitrela yangu ni ya breki za upepo, haina hendibreki ya kuachia. Upepo ukiisha inajifunga yenyewe. Nifanyeje?

Jibu: Ndivyo ilivyotengenezwa. Ndani ya chemba ya breki, kile kikopo cha chuma kilicho karibu na gurudumu, kuna springi nzito inayozuiliwa na upepo. Upepo ukitoka, springi inasukuma breki. Chemba nyingi huja na bolti ndefu, mara nyingi imehifadhiwa ubavuni, ya kuirudisha springi nyuma na kuishikilia. Weka kabari kwanza, kisha umwachie fundi anayeijua kazi hiyo. Wala asifungue bangili inayoifunga chemba: springi ile ikifyatuka inaua. Mwage maji yaliyomo kwenye mitungi ya upepo, na kabla ya kurudi barabarani bolti zote zitolewe, la sivyo trela halina breki ya kuegeshea.

Swali: Tela langu la hendibreki limeshaganda. Nilivute kwa nguvu?

Jibu: Hapana, utabandua shuu. Hendibreki ikiwa imeachiwa, lisogeze mbele na nyuma taratibu. Likigoma, tia kabari, gonga ukingo wa dramu kwa nyundo kuzunguka pande zote, ujaribu tena. Hata likiachia, fungua dramu usafishe kutu, ila vumbi usilipulize kwa upepo. Shuu za zamani huenda zina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.