Miaka ambayo mtoto wako hataikumbuka

Mzazi wa mtoto mchanga huambiwa kila mara kwamba watoto hukua haraka, naye huitikia kwa adabu tu, kwa kuwa usiku wa kuamshwa mara nne hauna dalili yoyote ya haraka. Mwili wa mtoto, hata hivyo, hausubiri mtu. Uzito aliozaliwa nao huwa maradufu akiwa na miezi mitano hivi na hukaribia mara tatu anapotimiza mwaka, huku urefu wake ukiongezeka kwa takribani sentimita 25. Baada ya hapo hatakua tena kwa kasi hiyo maisha yake yote.

Lakini si kimo kilichobadilisha namna ninavyolea. Ni kumbukumbu. Watu wazima walio wengi hawakumbuki karibu lolote lililowapata kabla ya umri wa miaka mitatu, na yale ya mwaka mmoja au miwili inayofuata huyakumbuka vipande vipande. Nilipolitafakari jambo hilo nikiwa nimempakata binti yangu, nilielewa kwamba kipindi ambacho ananihitaji kuliko kipindi kingine chochote ndicho atakachokisahau kabisa. Kuogeshwa, kubembelezwa, kucheka hadi kupaliwa, yote hayo yatamjenga bila yeye kuyajua, na mwenye kuyahifadhi nitakuwa mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: hifadhi sauti. Picha tunapiga nyingi mno, na uso wa mtoto hautapotea. Kinachotoweka bila kuaga ni usemi wake. Binti yangu alikuwa akiniita ili nimtazame ‘akiluka’, na wiki moja, pasipo mtu kumsahihisha, herufi ile ikakaa mahali pake na matamshi ya zamani hayakurudi tena. Ninayo rekodi fupi ya simu ambamo anamweleza mwanasesere wake kwa nini hapaswi kulia, na hakuna picha ninayoithamini kama hiyo. Mrekodi mtoto akiwa katika shughuli zake, si akiwa ameamriwa kusema kitu, kisha uandike tarehe.

Ushauri wa pili unahitaji subira. Mtoto wa miaka miwili akitaka kuvaa viatu mwenyewe, mwachie, ikiwa muda upo. Huketi chini, akakishika kiatu kwa mikono yote miwili, akakielekeza kwenye mguu usio wake, akasukuma huku ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, na ukinyoosha mkono kumsaidia, huurudisha ulipotoka. Kuna asubuhi ambazo haiwezekani, basi mvalishe mwondoke. Lakini pale inapowezekana, keti naye sakafuni utazame, kwa sababu siku atakapoweza kuvaa kwa dakika moja hutakuwa na sababu ya kuketi hapo.

Sisemi kwamba kila saa ya malezi ni tamu. Homa ya usiku si tamu, na mzazi anayechoka hana deni kwa mtu yeyote. Wala mzazi anayeshinda kazini asidhani kwamba amepitwa na kila kitu: nusu saa kabla ya mtoto kulala, simu ikiwa imewekwa chumba kingine, ina mengi ndani yake.

Na ambao watoto wao wamekwisha kuvuka umri huo, wasimulieni. Meno ya utoto huanza kung’oka kwenye miaka sita hivi, na karibu na umri huo binti yangu alianza kuniuliza alikuwaje alipokuwa mdogo. Humsimulia kwa uangalifu, bila kutia chumvi, alivyokuwa akilala na alichokuwa akikiogopa. Akishamaliza kusikiliza, huomba nianze upya, na nikiruka kitu hunisahihisha, kwa kuwa sasa habari hizo anazijua.