Hopsi za laga ya Kijerumani: jibu kwa mdau wa Arusha na Cascade yake

Mkuu umeuliza kwa nini pilsna (ile laga ya njano, yaani bia inayochachushwa kwa baridi) unayopika hapo nyumbani Arusha kwa hopsi ya Cascade inatoka na harufu ya maganda ya chungwa wakati resipe uliyoitoa mtandaoni inasema ni ya Kijerumani, na ukaomba utajiwe "hopsi moja tu" ya kuagiza, hopsi ni yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia. Hopsi ntakutajia ila usilipie kitu kabla hujamaliza kusoma, maana hela ya kuagiza hopsi Ulaya si ya mchezo na mi nimeshazichoma za kutosha.

Mi ni mtu wa Kibosho, Moshi, nko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, mwaka wa kumi na moja huu, sijasomea kupika bia popote, napikia kwenye stoo ya chini ya nyumba na sufuria la lita 30, mke wangu analiita sufuria la msiba. Na misimu miwili nimefanya kibarua cha kuvuna hopsi kule Hallertau, kaskazini ya Munich, ndo eneo kubwa kuliko yote duniani lenye mashamba ya hopsi yaliyoungana. Kwa hiyo ntakachokwambia ni cha mikono yangu na pua yangu, wasomi watanisahihisha huko chini.

Waliokulia uchagani wanaijua msesewe, lile gome chungu linalotiwa kwenye mbege ili isibaki tamu kama uji wa mtoto. Siku ya kwanza nimepewa ua la hopsi nitafune nikasema hii si ndo msesewe ya Wajerumani! Kazi ni ileile, inakata utamu wa kimea na inaizuia bia isichache ovyo, tofauti ni kwamba hopsi ina na harufu juu yake na kila aina ina harufu ya kwao. Sasa Cascade ni ya Marekani, ya kule Oregon, iliingia sokoni 1972, na sifa yake kubwa ndo hiyo ya balungi na maganda ya chungwa. Haijaharibika mkuu, inafanya kazi iliyozaliwa kufanya, we ndo umeipeleka kwenye harusi isiyo yake.

Za huku zenye jina ni Hallertauer Mittelfrüh, Tettnanger, Spalter, alafu kuna Saaz ambayo si ya Ujerumani ni ya Žatec upande wa Ucheki ila huwezi kuiacha nje maana pilsna yenyewe ilianzia kwao Plzeň mwaka 1842, ingawa aliyeipika alikuwa Mbavaria, Josef Groll. Hizi nne zote uchungu wake mdogo, harufu yake ya taratibu, maua ya shambani, nyasi zilizokauka, kapilipili kwa mbali. Ukinusa ukasema "mbona sisikii kitu" upo sawa kabisa, ndo zilivyo.

Ngoja niwaeleze zinavyovunwa maana mi nilielewa hopsi shambani, mtandaoni nilikuwa nasoma tu maneno. Ukiona shamba kwa mbali utadhani nguzo za umeme zimepandwa kwa mistari, nguzo ndefu na waya juu kama mita 7 hivi, na mmea unapanda wenyewe kwa kujizungusha kwenye waya, kila mwaka unaanza upya toka chini. Mwisho wa Agosti trekta linapita katikati linang'oa ile mikamba yote na waya wake, we unasimama kwenye mashine kule bandani unaining'iniza kwenye kulabu mmoja baada ya mwingine, siku nzima. Mmea una vimiba vidogo kama msasa, siku ya pili mikono yangu ilikuwa kama nimepigana na paka, na juu ya mikwaruzo unaganda utomvu wa njano unageuka mweusi, sabuni ya kawaida haiutoi. Huo unjano ndo mali yenyewe, unaitwa lupulini, unga ulio ndani ya ua, uchungu na harufu vyote vimo humo. Na yanalimwa majike tu, dume likionekana linang'olewa maana likichavusha maua yanajaa mbegu. Ndio, ni ukoo mmoja na bangi, na hapana, msijaribu kuvuta, kuna kijana alijaribu akakohoa mpaka jioni.

Baada ya hapo ni tanuri la hewa moto. Mzee mwenye shamba alikuwa na kipimo chake, anachukua ua anaminya katikati anaangalia kale kajiti ka ndani, kakipinda bado, kakikatika "tak" tayari. Alafu analisugua katikati ya viganja, ananusa, anakunyooshea na wewe unuse. Mittelfrüh mbichi toka tanurini ilinijia kwanza kama majani ya chai yaliyokauka, ikaja nyasi, mwishoni ua fulani tamu ambalo mpaka leo sijalipatia jina. Nikamwambia bia ya hivi ntainywa ndoo nzima. Akacheka akaniambia kwenye Helles, ile bia nyeupe ya kila siku ya Bavaria, ukiisikia harufu hii kwa nguvu ujue mpishi kazidisha. Kwenye pilsna unaruhusiwa zaidi, na za kaskazini mwa Ujerumani ni chungu na kavu kuliko za huku kusini, ila hata huko hopsi haipigi kelele. Hilo ndo wengi wetu tunalikosea, tumezoea mambo ya Kimarekani ya kumwaga hopsi kama mchicha.

Sasa kosa langu kubwa, usilirudie. Mwaka wangu wa pili wa kupika nilikuwa na resipe inataka gramu 60 za Mittelfrüh kwenye lita 20, dukani hazikuwepo, muuzaji akanipa Magnum akasema nayo ni ya Kijerumani, nyumbani nikapima gramu 60 zilezile nikatia. Aisee. Nilikaa wiki saba nasubiri ile bia, nimewaita na washkaji wawili, glasi ya kwanza mmoja kanitazama tu akaniuliza kama nimechemshia mwarobaini. Yule wa pili alimaliza glasi kwa heshima. Kumbe Mittelfrüh ile ya resipe ilikuwa na asidi za alfa asilimia 4 na Magnum niliyopewa ilikuwa 13, hizo alfa ndo zinazogeuka kuwa uchungu zikichemka, kwa hiyo nilitia uchungu zaidi ya mara tatu. Hesabu ni ya shule ya msingi: 60 mara 4 gawa kwa 13, unapata kama gramu 18 na nusu. Tangu siku hiyo sipimi hopsi kwa gramu kabla sijasoma alfa kwenye pakiti, na hiyo namba inabadilika kila mwaka kulingana na mvua na jua kwa hiyo usikariri.

Magnum sio mbaya ila, wasije wenye nayo wakanishambulia. Ni safi sana kwa uchungu, kidogo tu inatosha na haiachi ladha ya ajabu, inatiwa mwanzo wa kuchemsha kisha harufu unamwachia mwingine. Perle nayo ipo katikati, ina kama mnanaa na pilipili manga. Hersbrucker laini sana, alfa kidogo. Na ipo Hallertauer Tradition ambayo kwa maoni yangu ndo jibu la swali lako. Mittelfrüh ni ya zamani na dhaifu, ugonjwa wa mnyauko uliifyeka vibaya huku Hallertau, ndo kituo chao cha utafiti cha Hüll, kilichoanzishwa 1926, kikatoa aina mpya zinazohimili magonjwa, Perle na Tradition zikiwemo. Tradition inanukia karibu sawa na Mittelfrüh, alfa yake iko juu kidogo, kama 5 au 6, na bei haikuumizi sana. Ukiona Tettnanger soma imelimwa wapi, iliyolimwa Marekani kwa jina hilohilo si mmea mmoja na wa huku, damu yake iko karibu zaidi na Fuggle, hopsi ya Waingereza.

Ila mkuu ntakuwa nakudanganya nikikwambia ukibadilisha hopsi tu imeisha. Hebu jibu hapa, unaichachusha kwenye joto gani? Maana hukutaja friza hata mara moja kwenye maelezo yako. Hopsi hizi za taratibu zinataka bia safi nyuma yake, kama hamira imetoa harufu ya ndizi na matunda kwa sababu ya joto basi hata utie Mittelfrüh ya bei gani hutaisikia. Neno lenyewe Lager kwa Kijerumani ni ghala, bia iliyowekwa ghalani. Bavaria mwaka 1553 walikatazwa kabisa kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili mpaka 29 Septemba, kwa sababu bia za kiangazi zilikuwa zinaharibika, ikabidi wapike mwezi wa Machi wajaze mahandaki yenye barafu, juu yake wakapanda michesnati ya kuweka kivuli na watu wakaanza kukaa chini ya hiyo miti kunywa. Hamira yao ikazoea baridi. Wewe huna handaki, Arusha ina ubaridi wake usiku lakini hautoshi, tafuta friza iliyotumika na kidhibiti joto cha nje cha kuchomeka kwenye soketi, hiyo ndo hela ya kwanza kutumia kabla ya hopsi.

Mi napika hivi siku hizi kwa lita 20 za pilsna. Kimea cha pilsna kama kilo 4 na robo. Nikishachuja machicha, ile togwa (mi naiita togwa, wenyewe wana jina lao) nachemsha dakika 90 bila mfuniko, bila mfuniko kabisa, ukifunika bia inanuka mahindi ya kuchemsha, nimeshafunika najua. Zikibaki dakika 60 naweka Tradition gramu 35, zikibaki 15 naweka Mittelfrüh 25, nikizima moto nyingine 25, basi. Wewe Arusha uko juu kama mita 1,400, maji yako yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, uchungu utatoka pungufu kidogo, kwa hiyo ile Tradition ya kwanza ongeza gramu chache.

Hamira natumia W-34/70, ni ya asili ya Weihenstephan hapa Freising, inauzwa kavu kwa pakiti za gramu 11 na nusu na inastahimili safari, weka pakiti mbili, usibane. Natia togwa ikiwa nyuzi 10 mpaka 12, sio 25 eti itapoa yenyewe. Baada ya wiki hivi, kabla utamu haujaisha wote, napandisha mpaka 16 kwa siku mbili tatu, hii hatua niliiruka mara moja kwa haraka zangu bia ikanuka siagi kama bisi za sinema, lita 20 zote. Alafu nashusha pole pole nyuzi mbili kila siku mpaka 1 au 2, inakaa wiki tano. Wiki ya pili ukionja utakata tamaa, ina kiberiti kwa mbali na ukali wa kijani, wiki ya nne kitu kinageuka, ile hopsi inatulia inaungana na mkate wa kimea, ndo utaelewa.

Maji sijui ya kwako yakoje, ila kwa pilsna yakiwa na chumvichumvi nyingi uchungu unakuwa mkali wa kukwaruza koo. Munich maji yao magumu ndo maana zamani walishikilia Dunkel, ile nyeusi, Helles ya kiwanda cha Spaten imekuja 1894 tu. Kama ya bomba yanaacha ukoko mweupe kwenye birika changanya nusu na ya chupa.

Mwisho uhifadhi, maana hapa ndo hela inapotelea. Hopsi ni adui wa joto na hewa, zitakuja kama peleti, vile vidonge vya kijani kama chakula cha sungura, ndani ya pakiti iliyonyonywa hewa, ukifungua tumia, inayobaki ifunge tena irudi friza. Zikikaa kabatini mwezi zinaanza kunuka jibini au soksi. Na bia ikiwa tayari isikae juani kwenye chupa ya kijani au nyeupe, mwanga unaivuruga ile hopsi na harufu yake sitaki hata kuielezea, tafuta chupa za kahawia.

Kwa hiyo agiza Tradition gramu 100 na Mittelfrüh 100, na kabla hujamtumia muuzaji hela mwambie akupigie picha ya nyuma ya pakiti, unataka kuona mwaka wa mavuno na asilimia ya alfa. Akianza kuzunguka "ni mpya boss ni mpya" tafuta muuzaji mwingine.