Korongo huanzia juu

Shikamoo bwana shamba. Pembeni ya shamba langu, Monduli, kuna korongo linalopanuka kila masika. Nalijaza mawe, maji yanayazoa.

Marahaba. Mawe pekee hayatashinda, kwa sababu chanzo kiko juu ya korongo. Mvua ikinyesha, panda huko ukaangalie maji yanakotoka. Mara nyingi utakuta njia ya ng'ombe iliyonyooka kuteremka, au shamba la jirani lililolimwa kufuata mteremko. Zungumza naye. Chimbeni makinga maji ya kukatisha mteremko, udongo mkiutupa upande wa juu, ndiyo tunayoita fanya juu. Juu ya tuta pandeni matete: yanashika udongo na ng'ombe wanakula. Maji yakipungua nguvu, mawe yatakaa. Yapange yainame katikati, la sivyo maji yatakula kingo.

Usingoje masika nyingine, tafadhali. Milimita 1 ya udongo ikiondoka kwenye ekari moja ni mita za ujazo 4, na hutaona kitu kwa macho. Korongo angalau linaonekana.

Mimi ni mama wa Kibosho. Vijana wangu wanataka tukate miti yote ya kihamba, shamba letu la nyumbani lenye migomba na kahawa, mahindi yapate jua. Unasemaje?

Mama, wakatalie. Tone la mvua likianguka kwenye udongo mtupu huuvunjavunja, vitundu vinaziba, maji yanakimbia na rutuba. Kihambani tone hilo linapokelewa na mringaringa, kisha mgomba, kisha kahawa, na chini kuna majani makavu. Mahindi wakati wa mvua za Machi bado ni miche, hayafuniki chochote. Punguzeni matawi, mahindi yabaki shamba la porini, kule chini tambarare.

Mimi nalima mpunga Chekereni: jaruba langu linatoka ukoko mweupe, mpunga unadumaa.

Maji ya mfereji yana chumvi kidogo. Yakikauka juani, chumvi inabaki, mwaka hadi mwaka. Zibueni kwanza mtaro wa kutolea maji, maana bila huo kuongeza maji kunapandisha chumvi zaidi. Kisha udongo upimwe. Ikiwa ni chumvi ya kawaida, itasafishwa na maji. Ikiwa ni magadi, udongo ukilowa unakuwa tope lisilopitisha maji, na hapo inahitajika jasi, yale madini meupe laini. Inachimbwa Makanya, si mbali na kwenu.

Na mimi ninayelima mahindi, nichome mabua baada ya kuvuna?

Hapana. Yalaze kwa kukatisha mteremko, na ukubaliane na wafugaji wanaolisha humo wakubakizie nusu.