Mnada Umepoa: Maswali ya Wauzaji na Wanunuzi wa Mtandaoni

SWALI: Ndugu mhariri, zamani nikitia kitu kwenye tovuti ya mnada, watu saba au wanane walikigombania hadi dakika ya mwisho. Siku hizi napata dau moja, pengine sipati kabisa. Vitu ni vilevile na picha zangu zimekuwa nzuri zaidi. Kimeharibika nini? *Muuzaji wa Vitu Kuukuu*

JIBU: Picha hazina kosa. Kazi ya mnada ni kutafuta bei ambayo hakuna anayeijua. Mwaka 1995, Pierre Omidyar alipofungua tovuti ambayo baadaye iliitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kielekezi cha leza, tena kibovu, kwa dola 14.83. Thamani ya kielekezi kibovu ungeiulizia wapi? Ilibidi watu washindane ndipo bei ijitokeze. Leo mnunuzi anaandika jina la kitu kwenye simu, na papo hapo anaona vingine kama hicho vimeuzwa kwa kiasi gani. Bei ikishajulikana, kinachobaki mnadani ni kero: kungoja siku saba, kuchungulia kila mara, na mwisho wa yote kukikosa.

Tovuti zenyewe ziliyaona haya mapema. eBay iliweka kitufe cha kununua papo hapo mwaka 2000, na kufikia 2010 zaidi ya nusu ya mauzo yake yalikuwa ya bei iliyopangwa. Amazon ilijaribu mnada mwaka 1999, haukushika. Yahoo ilifunga mnada wake wa Marekani mwaka 2007, ingawa nchini Japani mnada wa jina hilohilo uliendelea kushamiri. Mchumi Liran Einav na wenzake walichunguza kama waliobadilika ni wauzaji, aina ya bidhaa, au wanunuzi. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 mzigo mkubwa uliangukia kwa wanunuzi: wameupenda urahisi, wamechoka kushindana.

Wewe kama muuzaji, linalokuumiza zaidi ni hesabu ya mnada wenyewe. Bei ya mwisho haiwekwi na mtu anayekitaka kitu kuliko wote. Huwekwa na yule anayemfuata. Akikosekana wa pili, wa kwanza anakibeba kwa bei ya kuanzia hata kama mfukoni alikuwa na mara kumi ya hiyo. Kwa hiyo wanunuzi wakipungua kidogo tu, bei hazipungui kidogo, zinaporomoka. Wauzaji wakiona hivyo wanahamia bei iliyopangwa, vitu vizuri vinatoweka mnadani, na wanunuzi waliobaki wanakosa sababu ya kurudi.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba kuanzia bei ya chini sana, hata chini ya dola moja, huvuta watu wengi. Bado ni kweli? Na mnada uwe wa siku ngapi? *Mgeni Sokoni*

JIBU: Ni kweli kwa vitu vinavyogombaniwa, na ni hasara kwa vingine vyote. Piga hesabu kabla hujabonyeza. Chukulia umeanza na dola 0.99, gharama ya kutuma ni dola 10 inayolipwa na mnunuzi, na likaja dau moja tu. Mnunuzi analipa dola 10.99. Tovuti kubwa kama eBay ya Marekani hukata takribani asilimia 13 ya jumla yote, pamoja na gharama ya kutuma, kisha huongeza tozo ndogo kwa kila oda, tuseme senti 40. Hiyo ni dola 1.43 na 0.40, jumla 1.83. Unabaki na dola 9.16, na posta inataka 10. Umemlipa mtu senti 84 akuondolee kitu chako ndani ya nyumba, na sanduku la kufungia bado hatujalihesabu.

Ndiyo maana kwanza utafute bei halisi. Usitazame vitu ambavyo bado vinauzwa, kwa sababu hizo ni bei za matumaini tu. Tumia kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, soma angalau kumi vya hali kama ya chako, ondoa kilichouzwa ghali kuliko vyote na cha bei ya chini kabisa, kisha tazama vilivyobaki vimesogeleana kiasi gani. Vikiwa karibu karibu, tuseme kati ya dola 45 na 52, bei inajulikana na mnada hauna la kukuongezea: panga bei ya dola 52, ruhusu wanunuzi watoe ofa, uwe tayari kushuka hadi 46. Vikiwa vimetawanyika, mmoja 30 na mwingine 140, hapo mnada una kazi. Hata hivyo anzia kwenye kiwango ambacho hutajuta kitu kikiondoka nacho. Bei ya chini ya siri, yaani kiwango kisichoonyeshwa ambacho madau yasipokifikia kitu hakiuzwi, siipendekezi: wengi wakiona dau lao halijaifikia hukata tamaa mapema, na tovuti hutoza ada juu yake.

Muda uwe siku saba, ili mwisho wa wiki mmoja uwe ndani yake. Siku kumi zinafaa kitu adimu ambacho wapenzi wake ni wachache na wametawanyika. Mnada uishe jioni kwa saa za walipo wanunuzi wako, wala si kwa saa zako wewe. Ukiwa na vitu kadhaa vya aina moja, viachane dakika kumi au zaidi, la sivyo mtu mmoja atalazimika kuchagua kimoja na kuacha kingine bila mshindani.

Tozo nazo zinabadilika. Ushindani wa programu za kuuziana mitumba, kama Vinted, umeibana eBay hadi ikaacha kuwatoza wauzaji binafsi Ujerumani mwaka 2023 na Uingereza mwaka 2024. Huko Uingereza mnunuzi ndiye anayebeba ada siku hizi, nayo huingizwa kwenye bei anayoiona. Kwa hiyo angalia masharti ya tovuti yako leo, usitegemee ya mwaka jana.

SWALI: Kila mnada nauongoza kwa siku sita, halafu sekunde tano kabla haujaisha anatokea mtu ananipokonya. Hii si hila? *Mshindi wa Siku Sita*

JIBU: Inaudhi, lakini si hila. Ni kuvizia, na tovuti nyingi zinaruhusu. Tatizo liko katika jinsi unavyotia dau.

Unapoandika kiasi, mfumo hauchukui chote. Unakitunza kama kikomo chako na kupandisha bei hatua kwa hatua kwa niaba yako, kadiri inavyohitajika kumzidi mwenzako. Kwenye eBay, hatua ya bei kati ya dola 25 na 99.99 ni dola moja. Kati ya 100 na 249.99 ni dola 2.50. Mfano: bei imesimama kwenye dola 20 na wewe umeweka kikomo cha 60. Akija mtu na 55, bei inaruka hadi 56 na wewe bado unaongoza. Ukishinda, utalipa 56. Kwa hiyo kuandika kikomo chako cha kweli hakukugharimu chochote zaidi.

Wanaoviziwa ni wale wanaotia dau la 25, wakizidiwa wanaongeza 30, kisha 35. Mviziaji anajua tabia hiyo. Anangoja usibaki na nafasi ya kufikiri, kisha anatia kikomo chake mara moja. Kama kikomo chako kilikuwa 60 na yeye kaweka 80, hujaonewa: yeye amekitaka kitu zaidi. Kama ulikuwa tayari kulipa 90 lakini uliandika 60, hapo ulijinyima mwenyewe.

Fanya hivi: amua kiasi ambacho ukikikosa kitu kwa dola moja zaidi ya hapo hutaumia. Ongeza senti zisizo za kawaida, tuseme 63.38 badala ya 63, kwa kuwa watu hupenda namba kamili na senti hizo huamua minada mingi kuliko unavyodhani. Madau yakilingana, lililotangulia ndilo linaloshinda. Tia mara moja, sekunde kumi hivi kabla ya mwisho ukitaka, kisha funga simu.

Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels waliuchambua mchezo huu katika makala ya mwaka 2002. Kwenye mnada wa Amazon, ambao uliendelea mpaka dakika kumi zipite bila dau jipya, kuvizia kulikuwa kuchache sana kuliko kwenye eBay yenye saa ya mwisho isiyosogea. Kama kuviziwa kunakuondolea raha, tafuta tovuti zinazosogeza muda.

SWALI: Aliyeshinda mnada wangu hajalipa wala hajibu. Nifanye nini? *Nasubiri Bado*

JIBU: Kwenye eBay ana siku nne. Zikipita, futa mauzo kwa sababu ya kutolipwa. Usichague sababu nyingine hata akikuomba, maana ukichagua nyingine yeye hataandikwa alama ya kutolipa. Kisha una njia mbili: kukitia upya, au kumpa nafasi ya pili aliyekuwa wa pili, kwa kiwango cha juu alichokuwa ametia. Kabla ya kutumia hii ya pili tazama historia ya madau. Huenda wa pili alipandishwa na huyohuyo asiyelipa, na kiwango chake cha juu ni cha papara ambacho hatakubali kukirudia.

Kwa upande wa mnunuzi, ofa ya nafasi ya pili inayokuja kwa barua pepe na kukutaka ulipe nje ya tovuti ni utapeli. Ofa ya kweli utaiona ukiingia kwenye akaunti yako.

SWALI: Nitajuaje kama muuzaji ana watu wake wa kupandisha bei? *Mwenye Shaka*

JIBU: Fungua historia ya madau. Majina hufichwa, lakini kwenye eBay unaweza kuona mtu ametia madau mangapi ndani ya siku 30 na asilimia ngapi ya hayo ni kwa muuzaji huyohuyo. Asilimia mia peke yake si ushahidi, kwani mgeni aliyetia dau moja maishani naye huonyesha mia. Shaka iingie ukiona mambo matatu pamoja: asilimia kubwa kwa muuzaji mmoja, madau mengi kwenye vitu vyake mbalimbali bila kushinda, na kitu kilekile kurudi mnadani siku chache baada ya "kuuzwa". Ukiyaona, ripoti kwa tovuti na uondoke. Kutia dau dogo dogo ili kumpima ndiko anakokutaka, kwa sababu kila nyongeza inamwonyesha kikomo chako kilipo.

SWALI: Kuna tovuti inayotangaza simu mpya kwa bei ya chini ajabu, lakini kila dau linalipiwa. Ni mnada wa kweli? *Nina Tamaa Kidogo*

JIBU: Ni karibu na kamari. Chukulia kila dau linagharimu senti 60 na linapandisha bei kwa senti moja. Simu "ikiuzwa" kwa dola 50, madau 5,000 yametiwa, na tovuti imekusanya dola 3,000 kabla ya hizo 50. Mshindi anafurahi, wengine wote wamelipa na kuondoka mikono mitupu. Swoopo ya Ujerumani, iliyovuma kwa mtindo huu, ilifungwa mwaka 2011. Tamaa yako iweke kwingine.

SWALI: Basi kuna kitu ambacho bado kinafaa kuuzwa kwa mnada? *Mrithi wa Kabati la Babu*

JIBU: Kipo: kitu ambacho hakina pacha. Sarafu na stempu adimu, saa za zamani, kamera za mkusanyaji, michoro, magari ya kale, au kasha zima la vifaa mchanganyiko ambavyo huna muda wa kuvitenganisha. Kwa hivyo minada maalumu imeshika soko lililokimbia tovuti za jumla. Catawiki ya Uholanzi huwa na wataalamu wanaokagua kila kitu kabla hakijaingia mnadani. Bring a Trailer ya Marekani, kwa magari, huongeza dakika mbili kila dau linapotiwa mwishoni, nayo hudai picha nyingi na majibu ya muuzaji kwa maswali ya hadharani.

Kabla ya kulipeleka kabati la babu huko, piga picha kila kipande mbele na nyuma, alama za mtengenezaji kwa karibu, na kasoro zote bila kuficha. Usikisafishe wala kukipaka vanishi. Mkusanyaji hulipia rangi ya umri, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani moja kwa moja. Soma pia ada ya mnunuzi. Tovuti ikimtoza mshindi asilimia 9 juu ya dau, aliyejiwekea kikomo cha dola 100 atagawanya kwa 1.09 na kuishia 91. Bei ya kuanzia uliyoipanga lazima imwachie nafasi hiyo.