Kabla ya Kukimbilia Visigino: Ushauri kwa Wanaojiandaa na Mashindano Bila Gi

Vijana wanaokuja kwangu wakitaka kujiandaa na mashindano ya jujitsu ya Kibrazili bila gi, yaani bila lile vazi zito lenye kola na mikono ya kukamatia, karibu wote huomba jambo moja: wafundishwe kusokota kisigino, yaani kumshika mpinzani kisigino na kukizungusha hadi goti lake liumie. Siwashangai. Mwaka 2019, huko Anaheim, California, Lachlan Giles wa Australia, mshindani wa kilo 77, aliingia katika kundi lisilo na mipaka ya uzito kwenye ADCC, mashindano makubwa ya kimataifa ya mchezo huu bila gi, na kuwasalimisha kwa visigino, yaani kuwalazimisha wakubali kushindwa, watu watatu waliomzidi sana kwa mwili, akiwemo Kaynan Duarte aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa wa uzito wa juu kabisa. Hata hivyo, kwa yale niliyoyaona katika kufundisha na kusindikiza wachezaji ulingoni, ushauri wangu ni kwamba kisigino kitumike zaidi kama njia ya kuufikia mgongo wa mpinzani, na sehemu kubwa ya mazoezi iende kwenye kabali.

Mashambulizi ya miguu yaliwahi kudharauliwa. Dean Lister, aliyesifika kwayo, alitwaa ubingwa wa ADCC wa kundi lisilo na mipaka ya uzito mwaka 2003 mjini São Paulo, wakati ambapo makocha wengi bado waliyaona kuwa ujanja wa mtu aliyeshindwa kuipita gadi, yaani ulinzi wa miguu wa mpinzani aliye chini. Baadaye John Danaher, kocha aliyekuwa New York, alisisitiza kwamba mguu wa mpinzani ufungwe na kudhibitiwa kwanza, ndipo kisigino kitafutwe. Wanafunzi wake Eddie Cummings, Garry Tonon na Gordon Ryan wakaueneza mfumo huo. Lakini kadiri watu walivyojifunza kushambulia, ndivyo walivyojifunza kujinasua, na leo katika ngazi ya juu ni nadra kumkuta mshindani asiyejua kuficha kisigino chake.

Kabali ya nyuma, ya kumkaba mpinzani shingo ukiwa mgongoni mwake, haikupitwa na wakati hata siku moja. Marcelo Garcia aliitegemea katika mashindano yale yale ya 2003, alipomlaza Vitor Ribeiro kwa muda usiofika nusu dakika. Mwaka 2022 mjini Las Vegas, Gordon Ryan alimmaliza Nick Rodriguez kwa kisigino katika fainali ya uzito wa juu, na wikiendi hiyo hiyo akammaliza Andre Galvão kwa kabali ya nyuma. Silaha hizo mbili hushirikiana: anayeogopa kusokotwa hugeuka ili aokoe goti lake, na akigeuka huuacha mgongo wazi.

Kanuni za ADCC nazo huchangia. Katika pambano la kawaida la dakika 10, nusu ya kwanza haina pointi, kwa hiyo mchezaji anaweza kuketi na kuitafuta miguu bila kuadhibiwa. Nusu ya pili ikianza, anayeketi kwa hiari hupewa pointi hasi, na shambulio la mguu likishindikana, mara nyingi humwacha chini ya mpinzani. Mgongo ukidhibitiwa kwa miguu yote miwili iliyonasa ndani ya mapaja huleta pointi 3, hata kabali yenyewe isipopatikana. Mpango ninaowapa wachezaji wangu ni kuijaribu miguu mapema na kuutafuta mgongo baadaye, ingawa wapo wachache mno, kama Kade Ruotolo aliyewasalimisha wapinzani wake wote wanne mwaka 2022, ambao mpango wowote ungewatosha.

Kwenye mgongo, vita hasa ni vya mikono. Mkono wako mmoja hupita juu ya bega lake na mwingine chini ya kwapa, na mpinzani yeyote mwenye akili ataushika kwa mikono yake miwili ule wa juu, kwa kuwa ndio wa kukaba. Usishindane naye kwa nguvu. Kamata kifundo cha mkono wake kwa ule mkono wako wa chini, usukume kuelekea kiunoni, kisha pandisha mguu wako juu yake na kuubana hapo. Sasa ana mkono mmoja wa kujilinda dhidi ya miwili yako. Wengi huharakisha kukaba kabla ya hatua hii na kubaki wakilibana taya.

Kuhusu kisigino, anza na kujinasua. Goti ndilo litolewe kwanza katika mfungo wa mapaja ya mpinzani, kwa sababu msokoto huumiza kano za goti, na maumivu huchelewa mno kukuonya. Kwa hiyo mazoezini gonga mapema kuonyesha kwamba umekubali kushindwa, na ukiwa wewe ndiye mshambuliaji, shikilia bila kusokota. Soma pia kanuni za mashindano unayoyaendea: IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, liliruhusu visigino mwaka 2021, tena kwa watu wazima wa mikanda ya kahawia na nyeusi peke yao, wakishindana bila gi.

Katika wiki za mwisho kabla ya safari nawaanzisha wachezaji wangu wakiwa tayari mgongoni, mkono wa kukaba ukiwa umeshikwa, na saa ikiwa imebakiza dakika 2. Aliye mbele akiponyoka, wanarudi mwanzo; anayekaba akifaulu, wanabadilishana nafasi.